Udi wa Kuagia Wageni

London, Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Miaka thelathini na nusu tangu nitoke Unguja, na bado mlango ukigongwa najificha nyuma ya makoti. Leo aliyegonga alikuwa kijana wa kugawa matangazo. Nilimchungulia dirishani mpaka alipopinda kona, ndipo nikafungua. Hakuwa na bunduki. Ameacha karatasi ya bei za mazulia.

Jioni, pigo. Nasim, binti yangu wa pekee na mwenye nyumba hii, kanambia kwamba Jumapili ya tarehe 16 mkubwa wake wa kazini, Bwana Okuda, atakuja kula hapa pamoja na mkewe. Wajapani wote wawili. Kisha akaniomba, kwa upole mno, jioni hiyo niende nikakae kwa Alnashir, mwenzangu wa Unguja.

Upole huo ndio ulionitisha. Nikauliza sababu. Kanikumbusha yule Mwingereza wa Idi iliyopita. Maskini alisema ameshiba, nikamwongeza biriani. Akasema tena, nikamwongeza tena. Kwetu mgeni akisema ameshiba ndiyo kwanza anaanza kula. Yeye kumbe alikuwa anasema kweli. Alimalizia dhifa kalala chali juu ya sakafu ya bafu, mkewe akimpepea kwa taulo.

Baadaye nikamsikia Nasim katika simu na Zuwena, binti wa marehemu ndugu yangu, aliyebaki Unguja. Wanazungumza habari ya chumba cha uani. Kikipakwa chokaa, kasema Nasim, kitafaa.

Kitamfaa nani? Chumba cha mbuzi hakipakwi chokaa.

Lakini akili ipo. Nitajifunza adabu za Kijapani kabla ya siku hiyo, mpaka Nasim aone hawezi kupokea mgeni bila mimi. Mtu anayehitajika sebuleni hapelekwi uani.

Jumatano, 5 Oktoba

Mwalimu nimempata. Bi Harada, mjane wa Kijapani, hufundisha adabu za chai katika chumba cha juu cha nyumba yake, mtaa wa Kenton. Tangazo lililobandikwa maktaba linasema mafunzo hayo humtakasa mtu na kumtuliza moyo. Wangu haujatulia tangu mwaka sitini na nne. Nikenda.

Viatu huvuliwa chini ya ngazi. Soksi yangu ya kushoto ina tundu! Nimeingia mguu wa kulia mbele, wa kushoto ukijificha nyuma yake kama mtoto mwenye haya.

Na nani kakaa juu ya mkeka, kajinyoosha kama balozi? Alnashir! Tulisoma darasa moja Unguja, tulikimbia mwaka mmoja, na kila niendapo katika mji huu mkubwa namkuta keshafika. Kumbe anahudhuria hapa tangu baridi iliyopita na hajanambia. Kaniuliza mbele ya watu kama Karani kapotea njia ya kwenda kwa daktari. Karani ndilo jina analoniitia tangu siku nilizokuwa karani wa mahakama na yeye anauza miwani dukani kwa baba yake.

Lakini Mola hamtupi mja wake. Chai ya hawa hunywewa mtu kakalia visigino, miguu kaikunja chini, sawasawa na kikao cha tahiyatu katika sala. Bi Surinder, mama wa Kisingasinga aliyetoka Nairobi, alikuwa anaguna kila akipumua. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza alisema miguu yake imekwisha kufa. Mimi nakaa hivyo kila siku tangu utotoni. Bi Harada kanisifu, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa wote, kanifanya mgeni wa kwanza. Mgeni wa kwanza huketi karibu na mwenyeji na husema kwa niaba ya wenzake. Alifanyalo yeye ndilo wote hulifanya.

Alnashir kawekwa mwisho, karibu na mlango. Nimeona raha mpaka nikaogopa. Raha zangu hazina desturi ya kukaa.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mazoezi nyumbani. Asubuhi nimekizungusha kikombe cha chai mara mbili kabla ya kunywa, nikakitazama kwa heshima upande wa chini. Nasim kauliza kama kinavuja. Nimemwinamia. Kauliza kama mgongo unaniuma.

Mchana nimejaribu kuingia sebuleni kwa magoti, sinia mkononi, kama afanyavyo Bi Harada. Mikeka yake ni laini. Zulia la Nasim linababua. Nilipofika katikati nikashindwa kwenda mbele na nikashindwa kurudi nyuma. Nasim kaniokota pale na sinia langu.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Kasema kwa Kiingereza, lugha yake ya mambo mazito, kwamba kwa umri wangu si vizuri kushinda peke yangu nyumbani. Kisha, kwa Kiswahili, kwamba Zuwena yupo nyumbani kutwa.

Sikula chakula cha jioni. Nimeona chokaa ile waziwazi, mbichi bado, na mimi nimekaa katikati yake juu ya kigoda, majirani nisiowajua wakinijulia hali.

Jumatano, 12 Oktoba

Aibu! Sijui niandike vipi.

Tumeingia, tumekaa. Mimi wa kwanza, kisha Bi Surinder, kisha yule mwalimu, Alnashir mkiani. Bi Harada kapiga magoti mbele ya jiko, kapanga makaa kwa ustadi wa mtu anayepanga vidani. Kisha kafungua kikebe kidogo, katoa kipande cha mti, kakiweka pembeni ya moto.

Udi!

Si harufu ya kufanana na udi. Udi wenyewe, ule wa nyumbani kwa mama. Kwa kitambo nilisahau Kenton ni wapi. Nilimwona mama kashika chetezo, wageni wamesimama, wanajifukiza mikono na nguo, wanatafuta viatu. Kwani nani kwetu asiyejua? Wageni hula, hunywa, huzungumza, na mwisho wa yote huletewa udi. Udi ukishafuka, kilichobaki ni kuaga. Anayekaa baada ya udi hakufunzwa kwao.

Hapo nikazinduka. Chai hatujanywa! Hata maji hayajachemka! Bibi huyu anatufukuza kabla ya kutukirimu! Tumemkosea nini? Nikaitazama soksi yangu. Nilivaa nyingine, lakini nayo kidole kilikuwa kinachungulia.

Mtu mwenye adabu hangoji kuambiwa mara ya pili. Nimeinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, nimeshukuru kwa niaba ya wote, nimeinuka, nimetoka. Bi Surinder akanifuata, kwa kuwa mgeni wa kwanza hufuatwa. Mwalimu naye akafuata, akichechemea. Tukajikuta barabarani wote watatu na soksi zetu, katika manyunyu. Bi Surinder kaniuliza kama hili nalo ni sehemu ya somo.

Bi Harada akatukimbilia na viatu vyetu, uso umemwiva. Kaomba radhi. Kasema mbona mapema, shughuli haijaanza. Adabu iliyoje! Hata kwetu mwenyeji humwambia hivyohivyo mgeni anayemtaka aondoke. Nimemjibu kwamba tumeridhika, nikaondoka kwa haraka kabla hajalazimika kurudia.

Na Alnashir? Kabaki ndani. Kafukuzwa kwa udi na bado kakaa, anangoja chai! Nilimwona dirishani, mabega yanamtikisika. Nadhani ni kilio.

Kwa Bi Harada sirudi. Lakini nimejifunza jambo moja: Wajapani na sisi, katika udi, ni kitu kimoja.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nilidhani jana ndiyo siku mbaya.

Nasim kanikalisha mezani. Kasema niwe na furaha naye. Ipo nafasi kubwa katika ofisi yao ya Osaka, huko Japani, miaka mitatu, kuanzia Januari. Bwana Okuda ndiye atakayependekeza jina, na yeye ni mtu wa kale: hampi mtu nafasi mpaka ameijua nyumba aliyotoka. Ndiyo maana ya chakula cha Jumapili. Nyumba hii itapangishwa.

Nikauliza: na mimi?

"Tutazungumza, Baba," kasema. Mtu akisema tutazungumza, ujue yeye keshazungumza.

Kisha akaongeza kuwa siku hiyo sina haja ya kwenda kwa Alnashir. Alnashir anakuja hapa! Kamwalika yeye amsaidie, eti Ami Alnashir anazijua adabu zao. Mimi nikae tu kitini, nisipakue, nisimwongeze mtu chakula.

Nimelala chali juu ya kitanda, nimeihesabia dari mbao zake. Mjinga mimi! Wiki nzima najifunza kuwafurahisha watu wanaokuja kunichukulia mwanangu. Wakiridhika, yeye Osaka, mimi uani. Basi wasiridhike. Waondoke mapema, wakiwa na njaa, na pasiwe na wa kunilaumu.

Jawabu likanijia usiku, likinukia.

Ijumaa, 14 Oktoba

Baada ya sala nimepanda treni mpaka Baker Street, nikatembea hadi Edgware Road. Lipo duka moja pale wanaponunua Waomani wakija kutibiwa. Mwenye duka kanitolea udi wa kila namna. Nimechagua wenye moshi mwingi. Kauliza kama nina harusi. Nimemwambia nina wageni ninaowaaga. Kasema wageni hao wana bahati kwa kuagwa hivyo. Nikatazama nyuma kuona nani mwingine kasikia.

Nimenunua na chupa ya marashi ya mawaridi. Asiyeelewa udi ataelewa marashi. Huo ndio muhuri wa kuaga.

Ndani ya treni yule bwana aliyekaa mbele yangu hakuacha kuutazama mfuko wangu. Nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu, nikatembea kwa miguu mvuani. Huenda alipenda harufu tu.

Jumapili, 16 Oktoba

Naandika huku vidole vinanuka.

Mchana nilikishusha king'ora cha moshi kutoka dari ya ukumbini nikakizika kabatini, ndani ya mablanketi. Chetezo cha marehemu mke wangu nilikificha chini ya ngazi, makaa tayari. Nasim alikuwa jikoni. Alnashir alifika mapema, tai shingoni, akakagua meza kama yake. Akanusa. Akanitazama.

"Karani," kasema, "unapika nini chini ya ngazi?"

Nimemwambia ni kinga ya nondo.

Mlango ukagongwa. Makoti yakaniita. Siku zote huniita, lakini leo nilikuwa na kazi. Niliutia udi wote motoni, si kipande, wote. Nikasimama ukumbini na chetezo mikononi, moshi unapanda hadi ghorofa ya juu, machozi yananitoka. Nasim akafungua mlango. Alipogeuka na kuniona, uso wake ulikuwa wa mtu anayeona nyumba yake inaungua.

Bwana Okuda ni mtu mrefu, mwenye aibu. Mkewe ni mdogo wa umbo, nywele zimeanza mvi. Walifika kizingitini wakasimama. Bibi akafumba macho. Akavuta pumzi. Akamwambia mumewe neno moja. Wakavua viatu, wakapiga magoti wote wawili pale pale juu ya zulia, wakaniinamia.

Imefaulu, nikajiambia. Wanaaga! Nikawainamia na mimi, kisha nikaufungua mlango wazi kabisa wapite. Upepo wa Oktoba ukaingia na majani makavu. Tukasubiriana. Mwisho Bwana Okuda akanyoosha mkono, akaufunga mlango kwa heshima, na akamwambia Nasim kwamba baba yake anajali sana wageni wasizibwe pumzi na moshi.

Nikatoa marashi. Nikammwagia Bwana Okuda mikononi. Akanawa, akashukuru. Nikammwagia tena. Akanawa tena. Nikageukia mkewe, naye akanawa, mpaka usoni.

Wakenda mezani.

Sikuamini. Watu wa adabu hivi, wamefukizwa, wamerashiwa, na wanakaa! Nikabaki na silaha moja: kuwa mwenyeji mbaya. Sikumkaribisha mtu chakula. Sikumwongeza. Sikusema neno. Nilikaa nimeutazama ukuta. Bwana Okuda naye akaacha kusema, akautazama ukuta uleule. Tukakaa hivyo muda mrefu. Alnashir alikuwa kajiziba kinywa kwa kitambaa cha mezani.

Ndipo yule bibi akazungumza, taratibu, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kasema baba yake alikuwa akifukiza mti huu kila mgeni alipokaribia mlangoni. Kasema ameishi London miaka minne na ameingia nyumba nyingi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba alikuwa anangojwa. Akafuta macho.

Nilidhani ni moshi. Bado nadhani ni moshi.

Walikaa mpaka chai ikapoa na kuchemshwa upya. Walipoondoka, Nasim alikuja akaketi chini, karibu na kiti changu. Hajakaa hivyo tangu alipokuwa msichana mdogo na mama yake yu hai.

"Nani alikufundisha, Baba?"

Nimemwambia ni adabu ya kwetu tu. Akanibusu mkono. Wallahi, nilitamani wageni wale wangeondoka kwa hasira, na nilitamani anibusu tena, na sikujua nishike lipi.

King'ora kilianza kulia ndani ya mablanketi baada ya hapo. Tumekitafuta nyumba nzima.

Jumanne, 18 Oktoba

Kaipata nafasi. Bwana Okuda kamwita asubuhi. Kasema mtu aliyelelewa na baba yule anaweza kupelekwa popote.

Popote!

Basi leo tukazungumza. Nasim alikuwa keshatayarisha maneno. Serikali ya kule haimkatazi tena mtu kurudi. Wengine wamekwisha kurudi, wamejenga. Zuwena ananisubiri, chokaa imekauka. Kule kuna jua kwa ajili ya magoti yangu. Nimemwambia nyumba yetu wanakaa watu wengine. Kasema anajua, ndiyo maana ya chumba cha Zuwena. Nimemwambia sitalala usiku hata mmoja bila kusikia mlango.

Akanishika mikono yote miwili.

"Baba, hakuna tena mtu mwenye bunduki anayekungoja kule."

"Najua, mwanangu. Wala asiye na bunduki."

Akaiachia mikono yangu. Hilo hakuwa amelitayarishia maneno.

Sikumweleza zaidi. Lakini hapa naweza. Ninaogopa kushuka bandarini na mtu kunikaribisha. Karibu mgeni, umewahi kufika Unguja? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa London nimekuwa mgeni miaka thelathini, jembe sijapewa, nimezoea. Kule nikiwa mgeni, hata siku moja sitaiweza.

Jumatano, 19 Oktoba

Mlango ukagongwa. Nyuma ya makoti. Alikuwa Alnashir, alijua nilipo, akazungumza na makoti.

Kasema nitoke nikae. Kaleta halua. Kasema ana jambo la kunambia, nalo limemchekesha wiki nzima na sasa limeacha kumchekesha. Eti kwa Wajapani udi ni wa kumpokea mgeni. Huwekwa motoni mwanzo, kabla ya chai, ili mgeni ajue kaandaliwa. Eti Bi Harada siku ile alikuwa ananitukuza. Eti siku ya Jumapili hakuna mwenyeji katika Harrow yetu nzima aliyewapokea Wajapani vizuri kuliko mimi, na nafasi ya Osaka mimi ndiye niliyempatia Nasim, kwa mkono wangu.

Nimemtazama kwa makini. Alnashir ni mwongo tangu shuleni. Alipata kunishawishi kwamba mtihani umeahirishwa. Kumpokea mgeni kwa udi! Na kumuaga wanamuaga kwa nini, kwa biriani? Nimemwambia kosa langu nalijua: udi wa Edgware Road ulikuwa hafifu. Bwana na Bibi Okuda wamesema watakuja tena Jumapili ya wiki ijayo, kuniamkia mimi hasa. Safari hii nitanunua mara mbili, na nitawasha wakiwa bado barabarani. Wakikasirika, Bwana Okuda atabadili mawazo. Januari bado ni mbali.

Alnashir kashika kichwa. Mwisho kasema nyumba yake ina chumba cha juu, kinapata jua la asubuhi, kipo mwendo mfupi kutoka makaburini alikozikwa mke wangu, na yeye amechoka kula peke yake. Kasema akigonga mlango wangu atakuwa anaita jina kwanza.

Hila yake hapo sijaigundua bado. Nimemwambia nitafikiri. Nikifika na sanduku langu nikakuta kawasha udi, nitaelewa, na nitageuka palepale.

Nasim karudi kutoka kazini akatukuta tunakula halua. Kauliza amwambie nini Zuwena.

Nimemwambia amshukuru, na chumba kile apewe mtu mwingine. Mimi Unguja sirudi.